Daftari la Ottawa au Daftari la Jimbo?

Anayetaka kufungua kampuni nchini Kanada hukabiliwa, kabla hajauza hata kibaba kimoja cha mchele, na swali ambalo Mkenya hakuzoea kuulizwa kwao na ambalo Mtanzania hulijibu pasi na kujua kwamba amelijibu: kampuni yake iandikishwe katika daftari la Serikali Kuu iliyoko Ottawa, au katika daftari la jimbo analokaa? Wengi hulijibu swali hilo mbio mbio, kwa kuvutwa na fahari ya kumiliki kampuni ya nchi nzima, ama kwa kufuata shauri la jamaa aliyetangulia kufika, ambaye naye alishauriwa na mwingine aliyetangulia zaidi. Na wachache mno ndio wanaosimama wakauliza cheti hiki kitawapa haki gani ambayo kile hakiwapi, na kitawatwisha mzigo gani ambao kile hakiwatwishi. Nasema mapema, ili msomaji asihangaike kutafuta nilipo, kwamba kwa mwenye duka moja, karakana moja au jiko moja la kupikia chakula cha kuuza, daftari la jimbo ndilo linalofaa mara nyingi zaidi, na kwamba sababu zinazotajwa aghalabu za kupendelea Ottawa hazina nguvu inayodhaniwa. Walakin ziko hali ambazo Ottawa ndiko kwenyewe, nazo nitazieleza bila ya kuzipunja.

Mkenya hakuzoea swali hili kwa sababu Katiba ya mwaka 2010, pamoja na kuzigawia kaunti 47 mamlaka mengi, haikuzigawia mamlaka ya kuunda makampuni: kaunti hutoa vibali vya biashara na kutoza ada zake, lakini kampuni yenyewe husajiliwa na Serikali ya Taifa kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, daftari moja tangu Vanga hata Lodwar. Mtanzania yeye ana madaftari mawili, na hana la tatu. Kampuni ya Bara husajiliwa na BRELA kwa Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, na ya Zanzibar husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Mali kwa sheria ya huko ya mwaka 2013. Na kwa kuwa usajili wa makampuni haumo katika orodha ya Mambo ya Muungano iliyoambatishwa na Katiba, ilhali kodi ya mapato ya watu binafsi na ya mashirika imo, kampuni ya Darajani na kampuni ya Kariakoo hutozwa kodi ya mapato kwa sheria moja baada ya kusajiliwa kwa sheria mbili, na huwezi kuipata, hata ukiitafuta kwa taa mchana, kampuni iliyosajiliwa na Muungano wenyewe. Nimeyataja haya kwa makusudi, kwa kuwa Mswahili afikapo Toronto au Calgary hufika na mazoea ya kwao, na mazoea hayo, ya daftari moja au ya madaftari mawili yasiyo na mkubwa wao, hayamwandai kwa atakayoyakuta.

Kanada iliundwa kwa mtindo wa tatu. Majimbo yake 10 na maeneo yake 3 ya kaskazini kila moja lina daftari lake, na Serikali Kuu ina la kwake mbali na hayo, yaani madaftari 14 ambayo kampuni yaweza kuandikishwa humo, kila moja na sheria yake, ada yake na makarani wake. Chanzo chake ni Sheria ya Katiba ya mwaka 1867, ambayo katika kifungu cha 92 iliyakabidhi mabaraza ya majimbo mamlaka ya kuunda makampuni yenye madhumuni ya kijimbo, ikanyamaza kimya kuhusu makampuni yenye madhumuni mapana kuliko hayo. Ukimya huo ulikuja kujazwa na majaji, tena majaji walioketi London, katika Privy Council, baraza lile lile ambalo wazee wetu wa pwani walilijua kwa rufaa zao za wakfu. Mwaka 1881, katika shauri baina ya kampuni ya bima iitwayo Citizens Insurance na mtu aitwaye Parsons, baraza hilo lilisema kwamba lisilokabidhiwa majimbo limebaki mikononi mwa Bunge la Ottawa. Basi kampuni inayokusudiwa kufanya kazi nchi nzima, Ottawa ndiyo yenye haki ya kuiunda.

Shauri lililoitia kanuni hiyo nguvu lilihusu plau. Kampuni ya John Deere Plow, iliyopata hati yake Ottawa, ilikwenda British Columbia kuuza zana za kilimo, na msajili wa jimbo akakataa kuipa leseni kwa hoja kwamba palikuwapo kampuni nyingine yenye jina kama lake iliyokwisha kuandikishwa katika daftari lake. Mambo yakafika London, na mwaka 1914 Viscount Haldane akatoa hukumu kwamba jimbo laweza kuitoza kodi kampuni ya Serikali Kuu, na laweza kuitaka itii sheria zinazowahusu watu wote, lakini haliwezi kuinyima uwezo wa kufanya biashara iliyopewa na Ottawa. Mwaka 1916 Haldane huyo huyo akaamua shauri la kampuni ya Bonanza Creek, iliyoandikishwa Ontario ikaenda kutafuta dhahabu huko Klondike katika eneo la Yukon, akasema kwamba kampuni ya jimbo nayo yaweza kupokea haki nje ya jimbo lake, maadamu wenye mahali hapo wamekubali kuipa. Tangu miaka hiyo miwili tofauti ya kisheria imebaki hiyo hiyo: kampuni ya Ottawa huingia katika jimbo lolote kwa haki, na kampuni ya jimbo huingia katika jimbo jingine kwa ruhusa. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa zama ambapo ruhusa ilinyimwa. Leo ruhusa hiyo hutolewa kwa kujaza fomu, na Ontario haiitaki hata kidogo kwa makampuni ya majimbo mengine ya Kanada, bali hutaka kuarifiwa tu.

Iko haja pia ya kuuliza, na wanaouliza ni wachache, kama mtu anahitaji kampuni kwa vyovyote. Anayeuza sambusa na vitumbua siku za Jumamosi, asiye na mfanyakazi wala deni, aweza kufanya biashara kwa nafsi yake na kuandikisha jina la biashara peke yake. Katika Ontario ada yake ni dola 60 na usajili hudumu miaka 5. Kampuni humfaa aliye na hatari ya kushitakiwa, au mwenye washirika, au mwenye faida anayotaka kuiacha ndani ya biashara ikue. Hao ndio nitakaoendelea kusema nao.

Tumchukue mama mmoja wa Scarborough, mzaliwa wa Mombasa tuseme, anayesaga na kufunga viungo vya pilau na biriani katika jiko la kukodi na kuviuza kwa maduka ya vyakula vya halali ya upande wake wa mji. Jambo la kwanza atakaloambiwa na wapendao Ottawa ni kwamba daftari la Ottawa litamlindia jina lake. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Jina la kampuni hujengwa kwa sehemu tatu, neno la kuipambanua, neno la kueleza kazi yake, na neno la kisheria kama Ltd. au Inc. mwishoni, naye akipeleka jina Ottawa huliambatanisha na taarifa iitwayo NUANS, ambayo ni orodha ya majina ya makampuni na alama za biashara zinazokaribiana na alilolitaka, na ambayo huisha nguvu zake baada ya siku 90. Mkaguzi huipitia na kuamua kama jina hilo litawachanganya watu na jina lililokwisha kuwako popote nchini. Likipita, mama yule ataruhusiwa kulitumia katika kila jimbo, hata pale ambapo yuko mwingine mwenye jina la kukaribiana nalo. Ontario nayo hutaka taarifa ya NUANS, lakini haina mkaguzi wa namna hiyo. Humwachia mwombaji dhima ya kuhakikisha kwamba jina alilolichagua halimdhuru mtu, na likimdhuru, ni shauri lake yeye na mtu huyo. Na aliyechoka kutafuta jina hupewa namba katika daftari lolote kati ya hayo mawili, kampuni yake ikaitwa tarakimu kadhaa na neno Canada au Ontario nyuma yake, kisha ubao wa dukani ukaandikwa jina jingine lililosajiliwa kama jina la biashara. Msomaji anayeishi Toronto na atazame risiti zake: mengi ya maduka anayoyajua kwa majina mazuri ni namba tupu mbele ya sheria.

Walakin wanaosifu ulinzi wa jina husahau, au hawakuambiwa, kwamba jina la kampuni na alama ya biashara ni vitu viwili, na kwamba chenye nguvu ni cha pili. Alama ya biashara nchini Kanada husajiliwa na ofisi moja ya Serikali Kuu kwa nchi nzima, haijali kampuni ya mwombaji iliandikishwa wapi, wala haijali kama mwombaji ni kampuni au ni mtu mwenyewe. Na tangu Juni 2019 usajili wake hudumu miaka 10 na waweza kuhuishwa. Kampuni ya Ontario yenye alama iliyosajiliwa yaweza kumzuia mtu wa Halifax au Vancouver asiitumie alama hiyo, ilhali kampuni ya Ottawa yenye jina zuri lisilo na alama yaweza kujikuta inaambiwa na mwenye alama ya zamani zaidi ilibadilishe jina lake hilo, cheti cha Ottawa kikiwa kimetundikwa ukutani. Hapa Kanada imewatendea wafanyabiashara wake wema ambao sisi Watanzania hatujautendewa, maana kwetu anayetaka alama yake itambuliwe pande zote mbili za Muungano hana budi kuisajili mara mbili, Bara na Zanzibar. Basi mama yule, kama linalomkosesha usingizi ni jina lililo juu ya pakiti zake, fedha yake iende kwenye alama. Daftari lolote litamtosha.

Tuje kwenye gharama, ambazo ndizo chambo cha pili. Kuandikisha kampuni Ottawa kwa njia ya mtandao ni dola 200. Ontario ni dola 300. British Columbia ni dola 350. Mtu akizisoma tarakimu hizo zikiwa zimepangwa hivyo ataona Ottawa ni rahisi, na kwa siku ya kwanza hakosei. Lakini cheti cha Ottawa hakimwondolei mtu wajibu wa kujiandikisha katika jimbo anamofanyia kazi. Kampuni ya Ottawa inayofanya kazi British Columbia hulipa kwanza dola 200 zake, kisha hujiandikisha jimboni kama kampuni iliyotoka nje na kulipa dola 350 nyingine, hivi kwamba mwenye duka moja mjini Vancouver aliyeanzia Ottawa amelipa mara mbili kwa haki ya kuuza pale pale alipokuwa akiuza. Quebec nayo ina daftari lake la lazima kwa kila anayefanya biashara humo, na juu ya hilo ina Mkataba wa Lugha ya Kifaransa wa mwaka 1977, unaotaka jina la kampuni liwe kwa Kifaransa. Na hapa kampuni ya Ottawa ina nafuu kidogo, kwa kuwa sheria yake huiruhusu kuwa na jina la Kiingereza na la Kifaransa kwa pamoja.

Katika Ontario hesabu ni nyingine, na haki yataka niiseme ingawa yanipunguzia hoja. Jimbo hilo halitozi kampuni ya Ottawa kitu kwa kujiandikisha, hutaka tu taarifa ya kwanza ndani ya siku 60, na kwa hiyo mwandikishaji wa Ottawa huanza na akiba ya dola 100. Ingawa kila mwaka atalipa Ottawa dola 12 za ritani, ambazo mwenzake wa Ontario halipi, itapita miaka minane kabla akiba ile haijaliwa. Anayelipima shauri hili kwa dola peke yake, basi, hatapata sababu ya kuikimbia Ottawa akiwa Ontario. Sababu iko kwingine.

Sababu ni kwamba mwenye kampuni ya Ottawa ana mabwana wawili wa kuwaandikia. Ritani ya Ottawa hupelekwa ndani ya siku 60 tangu siku ya kumbukumbu ya kuandikishwa kwa kampuni. Ontario nayo hutaka kuarifiwa kila badiliko la kampuni hiyo. Akihamisha ofisi kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine ana siku 15 za kuiarifu Ottawa na siku 15 za kuliarifu jimbo, na aliyearifu mmoja hakuarifu wa pili, maana madaftari haya hayakuzoea kuambizana kila jambo. Akibadilisha mkurugenzi ni vivyo hivyo. Mwenye mhasibu na wakili hataiona taabu hii, kwa kuwa atailipia. Lakini anayefanya hesabu zake mwenyewe usiku, watoto wakiwa wamelala na mihuri imezagaa juu ya meza ya chakula, ndiye anayesahau ritani moja, kisha ya pili, na sheria ya Ottawa inampa mkurugenzi wa daftari mamlaka ya kuivunja kampuni iliyokaa mwaka mmoja bila ya kupeleka ada au hati inayotakiwa. Kampuni iliyovunjwa huweza kuhuishwa, lakini mkataba wa kukodi jiko, akaunti ya benki na bima haviwezi kungoja.

Liko sharti jingine ambalo limewanasa wahamiaji wengi kuliko wazaliwa. Sheria ya makampuni ya Serikali Kuu, ile ya mwaka 1975 ambayo imerekebishwa mara kwa mara, hutaka robo ya wakurugenzi wawe wakazi wa Kanada kwa maana yake yenyewe ya neno hilo, na kampuni yenye wakurugenzi wasiofikia wanne sharti iwe naye angalau mmoja wa namna hiyo. Mtu mwenye ukazi wa kudumu huhesabiwa mkazi, lakini haki hiyo ina kikomo kisichosomwa na wengi: akiisha kukaa Kanada zaidi ya mwaka mmoja tangu alipostahiki kwa mara ya kwanza kuomba uraia, na asiuombe akaupata, hahesabiwi tena. Wako watu wetu, kwa sababu za moyo au kwa sababu nchi walikotoka haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, kama ilivyo Tanzania, ambao wamekaa na ukazi wa kudumu miaka 10 au 15 bila ya kuubadilisha. Watu hao wanalipa kodi, wana nyumba, wana watoto vyuoni, na mmoja wao akijiandikisha Ottawa kuwa mkurugenzi peke yake atakuwa ameivunja sheria siku ile ile aliyoanza. Ontario iliifuta shuruti ya ukazi wa wakurugenzi tarehe 5 Julai 2021, na British Columbia na Quebec hazina shuruti hiyo. Kwa Mtanzania wa namna hiyo shauri limekwisha kuamuliwa, wala hana haja ya kusoma kurasa za sifa za Ottawa.

Kadhalika yako mambo ya siri za nyumbani. Tangu tarehe 22 Januari 2024 kampuni ya Ottawa hupeleka kwa daftari majina ya watu wenye mamlaka makubwa ndani yake, kwa mfano wenye robo ya hisa au zaidi, na sehemu ya habari hizo huwekwa wazi kwa kila atakaye kuzisoma; asiyetoa anwani maalumu ya kupokelea barua, anwani ya nyumba yake ndiyo inayowekwa wazi. Ontario nayo hutaka orodha ya watu hao tangu Januari 2023, lakini huiacha ikae katika ofisi ya kampuni, ikangojea kuulizwa na polisi, watoza kodi na wasimamizi wa fedha. Silaumu uwazi huo, kwa kuwa uliletwa kuwabana wanaoficha mali za haramu nyuma ya makampuni. Lakini mwanamke anayeuza viungo peke yake ana haki ya kujua kabla, wala si baada, kwamba mlango wa nyumba yake waweza kusomwa na dunia nzima.

Kuhusu kodi nitasema kwa ufupi, maana uvumi ni mwingi na jambo lenyewe ni jepesi. Daftari halibadilishi kodi. Kampuni binafsi inayomilikiwa na wakazi wa Kanada hutozwa na Serikali Kuu asilimia 9 kwa dola 500,000 za mwanzo za faida ya biashara yake, iwe iliandikishwa Ottawa au jimboni, na jimbo huongeza kiwango chake kwa kufuata mahali biashara ilipo, si mahali cheti kilipotoka. Linaloweza kuipoteza nafuu hiyo ni mwenye hisa, hasa pale ambapo mtaji umetoka kwa kaka aliye Muscat au shangazi aliye Mombasa, na yeye, kwa kuwa ndiye mwenye fedha, akapewa hisa nyingi kuliko aliye Kanada. Kampuni inayotawaliwa na asiye mkazi haihesabiwi tena kuwa ya Kanada kwa ajili ya nafuu hiyo, na familia iliyofikiri imesaidiana hujikuta imemtajirisha mtoza kodi. Fedha ya jamaa wa nje yaweza kuingia kama mkopo ulioandikwa vizuri, au kama hisa zisizo na kura. Lakini hayo ni ya kuzungumzwa na mhasibu wa kodi kabla ya kutia saini, kwa maana kuyarekebisha baadaye ni ghali.

Na kuhusu ile dhana kwamba cheti cha Ottawa humpa mtu heshima benki, nafikiri ndiyo dhaifu kupita zote. Mkopeshaji wa biashara changa hutazama mauzo, hutazama historia ya deni la mwenye kampuni, kisha aghalabu humtaka atie saini ya kudhamini kwa mali yake mwenyewe. Na saini hiyo ikiisha kutiwa, ule ukuta baina ya mali ya kampuni na mali ya nyumbani, ambao ndio sababu ya kufungua kampuni, umetobolewa kwa deni hilo, iwe cheti kimetoka Ottawa au Regina. Wateja wa nje ya Kanada nao, ambao wasifiao Ottawa hupenda kuwataja, hutaka kuona mzigo umefika salama na kwa bei waliyokubaliana.

Nani basi aende Ottawa? Aende yule ambaye kazi yake haiwezi kukaa katika jimbo moja. Kwa mfano ulio wazi kabisa, mbele ya Ottawa kuna mto, na ng'ambo ya mto ni Gatineau, ambayo iko Quebec. Wako Warundi na Wakongo wengi waliochagua kukaa ng'ambo hiyo kwa ajili ya Kifaransa na kodi ya nyumba, na wanaovuka daraja kila asubuhi kwenda kazini upande wa Ontario. Mwenye kampuni ya kusafisha maofisi katika miji hiyo miwili, mwenye wafanyakazi pande zote mbili, anayeweza mwakani kuihamisha ofisi yake kutoka ukingo mmoja kwenda mwingine, ana sababu njema ya kuandikishwa na Serikali Kuu: jina lake litakubaliwa pande zote, litaandikwa kwa lugha zote mbili, na ofisi yake iliyosajiliwa itavuka mto bila ya kampuni kubadilisha sheria iliyoiunda. Aende pia anayekusudia kuyauza majina na mifumo ya biashara yake kwa wengine katika majimbo mengi, na anayejua kwamba mwajiri wa mume au wa mke humhamisha kila baada ya miaka michache kutoka jimbo hadi jimbo. Huko magharibi, katika British Columbia, Alberta, Saskatchewan na Manitoba, haja hiyo imepungua, kwa kuwa majimbo hayo manne yamepatana kurahisishiana usajili wa makampuni yao.

Wala chaguo la kwanza si ndoa isiyo na talaka. Sheria za pande zote mbili zinairuhusu kampuni kuhama daftari, kutoka jimboni kwenda Ottawa au kutoka Ottawa kurudi jimboni, na kampuni iliyohama ni ile ile, na madeni yake, mikataba yake na mali zake. Kuhama kuna ada yake, na ukaguzi mpya wa jina, na pengine kulipa wakili. Lakini ni gharama inayolipwa na biashara iliyokwisha kukua, kwa faida iliyokwisha kupatikana, wala si kwa mtaji wa mwanzo uliokusanywa kwa upatu. Hii ndiyo sababu naona ni vema kuanzia jimboni na kuhamia Ottawa haja ikitokea, kuliko kuanzia Ottawa kwa haja ambayo pengine haitatokea kabisa.

Aliye na azma ya kuandikisha kampuni mwezi huu na aandike kwanza, kwenye karatasi ya kawaida, majimbo ambayo kwa yakini atakuwa na ofisi, ghala au mfanyakazi ndani yake katika miaka miwili ijayo, bila ya kuhesabu jimbo atakalopeleka vifurushi kwa posta tu. Likiwa ni moja, alipe ada ya daftari la jimbo hilo na fedha iliyobaki aiweke kwa ajili ya alama ya biashara. Yakiwa mawili au zaidi, na wakurugenzi wake wakiwa wanakubalika, alipe dola 200 za Ottawa, atenge ada ya kila jimbo, na atundike ukutani tarehe zote za ritani kabla hajatundika cheti.